Ndara ya Kushoto

Nesi Tatu alimvika Bi Mishi miwani kubwa nyeusi ya kuonyesha video, na papo hapo kuta za hospitali zikatoweka. Bi Mishi akajiona mlangoni pa nyumba yenye harusi, wanawake wamejaa mkekani, wanampungia.

"Ingia, bibi," alisema nesi. "Jaribu kuinua mguu."

Mguu wa kushoto haukuwa umesogea tangu apooze.

"Niukanyage mkeka wa watu na ndara?" alifoka Bi Mishi pale kitini. "Hukufunzwa adabu, mwanangu?"

Akavua ya kulia. Kisha akautupa mguu wa kushoto, na ndara ikaruka hadi dirishani.

Nesi alipiga kigelegele. Bi Mishi, akidhani ni cha harusini, akaitikia kwa chake, huku vidole vya mguu wa kushoto vikipapasa sakafu, vinautafuta mkeka.