Ukuta wa Mitaa Miwili

Kila asubuhi Mwanaidi alikuta rangi yake nyekundu imepungua. Ukuta wa soko yeye na mchoraji mwenzake Shekue waliugawana nusu kwa nusu: yeye alichorea mtaa wa juu, Shekue mtaa wa bondeni. Mitaa hiyo haikupatana, kwa hiyo hakuwa na shaka mwizi ni nani. Leo aliwahi, akamkuta Shekue juu ya ngazi, brashi ikichuruzika nyekundu.

“Nimekukamata! Unaniibia ili nusu yangu isiishe?”

“Rudi nyuma, dada, mpaka pale bombani. Halafu tazama.”

Alihisi hila. Hata hivyo akarudi, macho hayabanduki kwenye kopo lake la rangi. Alipoinua uso, aliona wekundu wa kanga za wanawake aliowachora umevuka mstari wa katikati, ukaingia kwenye nyanya za bondeni, kwenye kofia, hadi kwenye kishungi cha jogoo. Ilikuwa picha moja.

“Nani kakutuma?”

“Hakuna. Upande wako nao unataka buluu yangu.” Akamsogezea kopo la buluu.

Mwanaidi alilinusa kwanza. Kisha akachovya kidole, akakiinua karibu na ukuta, tone la buluu likining'inia.