Nadhiri ya Mama Tránsito

Wanaume wanne walikuwa wameshainama kuinua machela ya sanamu ya Bikira Maria pale mama Tránsito alipompiga mmoja wao kofi la bega na kumwambia apishe. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na nyonga yake ililia kama bawaba kavu. Padri akamsihi. Akajibiwa kwamba hii ni nadhiri, na nadhiri haibebwi kwa bega la jirani.

Nadhiri yenyewe mtaa mzima wa El Nance uliijua. Alimtaka mwanawe Wilber aachane na walokole, arudi kwa Bikira.

Kinyongo chake kilikuwa na haki. Wilber alikuwa kwenye genge la wahalifu wa kona kwa miaka minne, na kwa miaka minne mama Tránsito alilala na viatu miguuni, kama mama wengi wa El Salvador, akisubiri kuitwa akatambue maiti. Siku tisa alitembea kwa magoti kutoka geti la kanisa hadi altareni. Siku ya kumi Wilber akaja nyumbani akasema wenzake wamemruhusu atoke. Wanaoruhusiwa kutoka hawajazi kiganja, na namna wanavyoruhusiwa hakuna anayeuliza. Mama Tránsito hakuwa na haja ya kuuliza. Alijua nani kamsikia.

Na shukrani ikawa nini? Jumapili ile ile Wilber akaokoka kwa mchungaji Abner, kwenye banda la mabati lisilo na hata mshumaa mmoja. Ukipewa maji na huyu ukamshukuru yule, hiyo si dini, ni ukosefu wa adabu.

Tena aliokoka kupita kiasi. Jioni sita kwa wiki na Jumapili mara mbili, hakosi. Alipougua homa ya dengue alijikokota kwa kushika kuta hadi bandani. Kwenye harusi ya dada yake alikataa bia, sawa, lakini akakataa hata kucheza muziki na mama yake mzazi mbele ya wageni.

"Siwezi, mama," alisema, machozi yakimlengalenga. "Usinilazimishe."

Mama Tránsito hakumsemesha mwezi mzima.

Hata vijana wa kona, aliona, walikuwa wakimcheka. Walikaa ng'ambo ya banda na soda zao, wakitazama nani anaingia ibadani. Mmoja wao, Garrobo, aliyekula pupusa, mikate ya mahindi, za jikoni kwake tangu hajajua kufunga viatu, humsimamisha njiani kila wiki.

"Mama, Wilber bado ana moto wa Bwana?"

"Moto? Yule ni jiko zima. Biblia analala nayo."

"Safi," husema Garrobo. "Mwambie akaze hivyo hivyo."

Basi Jumapili hiyo ya nadhiri maandamano yakashuka na ngoma na tarumbeta, na njia ni moja tu, inapita mbele ya banda. Kwa kawaida Bikira akikaribia mchungaji Abner hufunga mlango, watu wake wasitazame sanamu. Siku hiyo joto lilimzidi akauacha wazi. Wilber alisimama kizingitini, shati la mikono mirefu la kufichia michoro ya genge mwilini mwake limefungwa kila kifungo, Biblia kwapani.

Mama Tránsito alimwona. Hakumwita. Hatua chache mbele nyonga ikamtupa, goti likagonga lami, na machela yote ikaegemea upande wake. Mti wa machela ukamkandamiza shingo. Bikira akainama na taji lake, wanawake wakashika vichwa, na wale wabebaji watatu, wangeachia tu, mzigo wote ungemshukia yeye.

Wilber akatazama ng'ambo ya barabara. Akamtazama mama yake. Akatazama tena ng'ambo. Kisha akaiweka Biblia kizingitini, akaja, akaingiza bega lake chini ya mti.

Watu walipiga makofi. Alimbeba Bikira mitaa mitatu hadi kanisani huku akilia waziwazi, na mama yake akachechemea kando yake akilia naye, kwa furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu amzae.

"Umerudi," alimwambia mbele ya altare.

Wilber alimshika uso kwa mikono miwili. "Nisingeweza kukuacha pale chini, mama." Halafu akauliza kama mlango wa nyuma wa sakristia bado unatokea korongoni.

"Ulizibwa, mwanangu, wezi walituzidi. Utatokea mlango mkubwa, watu wote wanataka kukuona."

Wilber akaitikia kwa kichwa, akaketi kwenye benchi la mbele.

Mlangoni mama Tránsito alimkuta Garrobo, kavua kofia, anafuta vumbi la Biblia kwa shati lake. Nyuma yake wenzake watatu walikuwa wakipanda ngazi bila haraka.

"Mama, Wilber kaiacha hii njiani."

"Haihitaji tena. Ameachana na walokole."

"Labda alikusaidia tu mzigo, mama. Fikiri vizuri."

"Nifikiri nini? Amerudi kwa Bikira, kabisa kabisa. Naapa mbele yake."

Garrobo akamwekea Biblia mikononi kwa adabu, kama alivyofundishwa jikoni kwake.

"Pole, mama," akasema. "Sisi tulimruhusu atoke kwa sharti moja tu, na sharti lenyewe ndilo hili: aokoke, asirudi nyuma."