Dozi ya Tulizo

Siku hizi kila mtu hupewa dozi moja tu ya rangi mbili, vile vidonge vya antibiotiki, maishani. Shemeji yangu Mbwilo, mdogo wa mume wangu, yake aliimeza kwa mafua, yale yanayopona yenyewe. Alipojisikia nafuu, unga wa vidonge vilivyobaki akaumwaga kwenye maji ya kuku wake. Mjuaji huyo! Leo kaja mguu umevimba, unanuka usaha, eti anataka dozi ya mwanangu Tulizo.

"Mtoto ni mzima wa afya, shemeji, dozi ya nini?" akanibembeleza.

"Kawaombe kuku wako!"

Mume wangu hakucheka. Aliinamia chai yake. Nikakimbilia kabatini. Kopo la dozi ya Tulizo lilikuwa tupu.

"Nilishikwa na mafua," mume wangu akasema.