Mbuzi wa Mzee Kingazi

Kwa miaka ishirini na saba wakazi walimcheka Bi Zamoyoni, katibu wa chama cha mtaa, kwa kuandika kila kitu kilichotokea mkutanoni, hata paka aliyekatiza katikati ya ajenda. Leo, ukumbini mbele ya wakazi, Bwana Kingazi alimwambia afisa ardhi kwamba uwanja wa watoto ni shamba la marehemu baba yake, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumpinga.

Bi Zamoyoni akafungua daftari lililoliwa na mende pembeni. Aliziruka ajenda zote nzito mpaka kwenye "Mengineyo", akasoma bila haraka: "Mzee Kingazi ameomba mbuzi wake wale majani ya uwanja wa mtaa. Amekubaliwa, isipokuwa Ijumaa, watoto wanapocheza mpira. Ametia saini."

Afisa akamgeukia Bwana Kingazi. "Baba yako aliomba ruhusa ya kulisha mbuzi kwenye shamba lake mwenyewe?"

Kingazi aliinamia ile saini. Nyuma yake vigelegele vikapasuka ukumbi mzima. Bi Zamoyoni alikwishafungua ukurasa mpya, kalamu mkononi.

"Mmoja mmoja, jamani," alisema. "Naandika majina."