Jibu la Simbilisi

Rosalie alipompasua simbilisi wa maabara, alikuta wengu umejaa chembe nyeupe, kama umenyunyiziwa unga wa muhogo. Kwa hiyo mgonjwa aliyekuwa akipimwa alikuwa na kifua kikuu.

Nyama iliyokatwa kwenye tezi la shingo ya mgonjwa huyo ilipimwa kwa njia mbili. Kwenye hadubini Rosalie hakuona kijidudu hata kimoja. Kipande kilichobaki alikisaga, akamdunga simbilisi huyo, akangoja wiki nyingi.

Sasa mgonjwa alikuwa uani, amekwisha kufunga kifurushi chake. Hakumkumbuka Rosalie. Lakini Rosalie alimjua tangu alipolazwa: ndiye aliyeichoma nyumba yao kule Nyamitaba wakati wa vita, kaka yake Rosalie, Edmond, akiwa ndani.

Daktari akachungulia mlangoni.

"Rosalie, hadubini ilisema hakuna kitu. Na simbilisi? Huyu papa aende kwake?"

Angejibu "Aende" tu, na ugonjwa ungemmaliza polepole huko milimani. Neno lilimfika Rosalie mdomoni. Kisha akaona hicho ni kifo chepesi mno, kifo cha mtu asiyejua kwa nini anakufa.

"Iko na kifua kikuu, Docteur. Abakie. Sindano ya dawa nitamuchoma mimi mwenyewe, kila asubuhi."

Kesho yake yule mtu alikunja mkono wa shati, akageuza uso pembeni. Rosalie alimshika mkono kwa nguvu, akamwinamia sikioni.

"Papa, mimi njo dada ya Edmond, wa Nyamitaba," akasema, na kuiingiza sindano taratibu.