Amplifaya ya Tatu

Lawrence Okwera aliketi kwenye kiti cha plastiki, akaligeuzia duka zima mgongo. Mbele yake palikuwa na ukuta na kalenda ya mwaka jana. Gita lilimlalia mapajani, na mkono wa kushoto ulishika kile kipande cha chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi.

"Washa ya kwanza," alisema. "Usinitajie jina wala bei."

"Ebo! Afande, wenzako wananunua kwa macho," alicheka Siraje, mwenye duka. "Wakiona taa nyekundu, basi, wamemaliza."

Katika bendi ya polisi kule Naguru vyombo vilichaguliwa hivyo, uso ukutani. Siku hizi Lawrence alikuwa mstaafu anayelinda geti la tajiri, lakini masikio yalikuwa hayajastaafu.

Siraje akachomeka waya. "Ya kupigia nyumbani, au shughuli?"

"Shughuli moja. Jumamosi, Busia, kumalizia matanga ya mke wangu. Mama mkwe anataka nimpigie Nabwire wimbo wake pale kaburini. Baada ya hapo ni nyumbani tu, sauti ya chini."

"Pole sana, afande."

"Asante," alijibu, kama mtu aliyerudishiwa chenji.

Ndivyo alivyokuwa kwa miezi kumi na minne. Hakulia hata siku moja. Majirani wa Bwaise walisema huo ndio ujasiri wa polisi. Ujasiri wapi! Moyo ulikufa ganzi, basi.

Mvua ya mchana mmoja ndiyo iliyofurisha mtaro wa Bwaise, yeye akiwa kazini. Gita lilipona kwa sababu alizoea kwenda nalo getini. Aliporudi alikuta matope hadi magotini. Nabwire hayupo. Amplifaya haipo. Sanduku la nguo halipo. Viti, redio na godoro vilikuwa palepale, vimelowa tu. Nje, ndara moja ya Nabwire ilikuwa imenasa mtaroni.

"Maji haya nayo yanachagua!" alishangaa jirani yake, Lakot.

Kisha watu wakaelewana: mwanamke alikuwa akiokoa amplifaya ya mumewe, maji yakamzoa nayo. Lawrence aliyameza maneno hayo na hayakumtoka tena. Alimtafuta wiki mbili nzima kwenye mafunjo ya kinamasi. Mwishowe wazee wa Busia walifanya wanavyofanya mwili unapokosekana. Walikata mgomba, wakauvika gauni la Nabwire, wakauzika. Lawrence alitupa udongo wake kama wengine, asihisi chochote.

Alipiga wimbo kwenye amplifaya ya kwanza. "Inapiga kelele. Zima."

Ya pili ilikwaruza kila mguu wake ulipokanyaga pedali kuongeza sauti. "Gita hili linataka sauti safi, Siraje. Hiyo wape vijana wa roki."

"Kale, sawa," alisema Siraje, akahamisha waya. "Ya tatu. Hii ni kuukuu, nimeibadilisha kitambaa cha mbele na rangi tu."

Lawrence alitelezesha chuma. Noti ilitoka laini, ikakaa, na chini yake kukasikika mtetemo mdogo wa skrubu iliyolegea.

Aliacha kupiga. Mtetemo huo aliujua. Aliliweka gita sakafuni, akaenda mbele ya ile amplifaya, akapapasa ubavu wake. Chini ya rangi mpya, vidole vilikuta alama ya pembetatu. Ni pale Nabwire alipoegesha pasi ya mkaa siku waliyogombana. "Nami naishi humu ndani, Lawrence," alikuwa amesema. "Kila siku ni hilo gita tu. Mimi utanisikia lini?"

"Hii ni yangu," Lawrence alisema.

Siraje akashtuka. "Wallahi, afande, mimi sinunui vitu vya wizi!"

"Sijasema umeiba. Nataka jambo moja tu. Aliyekuuzia aliiokota wapi? Anionyeshe mahali." Sauti ilianza kumtetemeka, na hilo lilimshangaza mwenyewe. "Ilipokwama hii, huenda na mke wangu yuko hapohapo. Siraje, ndugu yangu, tulizika mgomba. Mgomba! Nikimpata hata mfupa mmoja, Jumamosi tutamzika mtu."

Machozi yalikuwa yakimshuka kama yametumwa. Aliyaacha yashuke.

Siraje alimtazama kwa huruma, akatikisa kichwa. "Afande, umechanganya. Hii haijawahi kuingia majini. Ililetwa kavu kabisa. Mwenye nayo aliileta mwenyewe, na karatasi zake ninazo."

Akavuta faili kutoka chini ya meza. Polisi walishawaonya wauza mitumba wote wa Luzira: ukinunua kitu, piga kopi ya kitambulisho cha muuzaji, uandike tarehe. Siraje alilowesha kidole, akafunua kurasa mpaka akaipata, akamgeuzia faili.

Lawrence aliisoma tarehe kwanza. Ilikuwa siku ya tisa baada ya mafuriko, yeye akiwa kinamasini, maji kifuani, akiita jina. Halafu akaitazama picha ya mkewe kwenye kitambulisho, akaitazama tena.

"Huyo mama, bambi, maskini, sikutaka hata kubishana naye bei," alisema Siraje, huku akiipangusa amplifaya vumbi. "Aliniambia mumewe alichukuliwa na maji ya Bwaise."