Ngazi Tisa za Nyumba ya Nguchiro

Wanyama wa bondeni walichangishana wamjengee nyumba mtoto wa Nguchiro, aliyepooza miguu ya nyuma, maana shimo lao lilijaa maji kila masika. Tumbili, mwenyekiti wa kamati na mpenda sifa, akaiinua nyumba juu ya ngazi tisa ili ionekane kutoka mbali.

Siku ya ufunguzi wingu likatanda. Mama Nguchiro akazihesabu ngazi, kisha akamkabili Tumbili.

"Mwanangu atapandaje, mwenyekiti?"

"Shukuru kwanza, mama. Mteremko wa kupandia utaharibu sura ya nyumba. Tutalitazama mwakani."

Ngurumo ikapiga. Mama akameza hasira, akamgeukia mgeni rasmi, Kiboko, ambaye tumbo lake lilifagia ardhi.

"Mzee, utepe uko kule juu mlangoni. Karibu ukate."

Kiboko akazitazama ngazi, kisha Tumbili. "Nyie mmeniita nije kuchekwa?"

Tumbili akatokwa jasho hadi mkiani. Kamati nzima ikabeba udongo, ikashindilia, na mteremko ukawa tayari kabla tone halijadondoka.

Kiboko akiwa bado anakohoa kuandaa hotuba, mtoto akajiburuta hadi juu, akakata utepe kwa meno, akaingia.

"Na hotuba?" Tumbili akanong'ona.

"Isomeni hapo hapo nje," mama akasema, akimfuata mwanawe ndani. Mvua ikaanza kumiminika.